Ngamia wa Chama Aliyepelekwa Posa

Jelle alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka hapa Garissa, na wallahi, kwa uoga sijaona wa kumfikia. Alimpenda Safiyo, binti wa kaka yangu Dagane, naye Safiyo alimtaka. Lakini kila akija kuposa, aliishia kusifu chai yangu na kurudi kwake. Nilichoka kupoteza sukari.

Mwaka wa sitini na sita, vita vya serikali na waasi, pamoja na kafyu, vikiwa vimetubana, Dagane na wafanyabiashara wenzake wakazua chama cha siasa. Hakikuishi hata mwezi, lakini kiliwapa wanaume kitu cha kubishania. Chama kikubwa cha Nairobi kilikuwa na jogoo kama nembo yake. Wazee wetu wakacheka: nani amfuate mnyama anayebebwa kwapani? Wao wakataka ngamia. Jelle akapewa ubao, na kaka yangu akamwambia wazi kwamba akiuharibu, asikanyage tena kwake.

Maskini akachora kwa roho yake yote. Ubao ukasimamishwa mlangoni kwa Dagane, wazee wakaja. Unadhani walitazama rangi? Walitazama shingo, wakitafuta chapa ya ukoo, alama ya mwenye ngamia. Haikuwepo. Wakaanza kunong'ona kwamba chama kimeiba ngamia wa watu. Jelle, jasho likimtiririka, akachukua brashi akatia chapa, na mkono ukaenda kwenye ile pekee uliyoizoea, ya baba yake.

Ya Rabbi, balaa likazuka. Sasa chama kilikuwa cha ukoo wa kina Jelle, na nusu ya wazee wakanyanyuka waondoke. Dagane akamuuliza kwa hasira kwa nini amemleta ngamia wa kwao mlangoni pake.

Kwetu sisi, ngamia wa kijana huletwa mlangoni pa mwenye binti kwa sababu moja tu, mahari. Nilicheka mpaka mtandio ukaniponyoka. Hata Jelle akaelewa, na siku hiyo hakusifu chai.

"Adeer, mzee wangu, nimemletea Safiyo," alisema. "Ngamia wetu wote walichukuliwa na askari kwenye msako. Amebaki huyu."

Kicheko kikanikauka. Zizi la kaka yangu nalo lilikuwa tupu tangu msako ule. Akaukodolea ubao macho, kisha akaubeba mwenyewe kuuingiza ndani. Wazee wakamuuliza chama kitabaki na mnyama gani. Akawajibu watafute wao, huyu ni wa Safiyo.