Mpima Macho na Idi Mbili

Kwa wakwe zake alijulikana kwa jina la Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa miwani. Alipima macho katika duka dogo la ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Mbele kulikuwa na fremu zilizopangwa ukutani. Nyuma ya pazia jeusi kulikuwa na chumba cha kupimia, chenye kiti kirefu, ubao wa herufi wenye taa, na sanduku la lenzi ambalo hata mwenye duka hakuthubutu kuligusa.

Alikuwa mtu wa kanisani aliyeolewa na mtu wa msikitini. Siku ya harusi watu wa pande zote mbili walilia, na si kwa furaha. Baadaye machozi yalikauka, yakabaki mambo madogo madogo ya kuchokozana, na dogo kuliko yote lilikuwa salamu za Idi.

Mwaka wa kwanza aliogopa kukosea, akatuma kwenye kundi la ukoo maneno aliyoyaona kwenye kadi ya kampuni ya lenzi: "Nawatakia heri ya msimu." Mama mkwe akajibu kabla Miwani hajaweka simu chini: "Msimu gani? Wa mvua?"

Mwaka wa pili akatafuta kitu kizito. Akapata picha yenye njiwa na maandishi ya dhahabu, akaituma kwa madaha. Wifi yake mdogo ndiye aliyemzindua: "Wifi, hii ni ya kuwaaga mahujaji. Tunaenda wapi?" Kwa miezi mitatu kila alipoingia pale nyumbani aliulizwa kama ameleta tiketi.

Mwaka wa tatu akamuuliza mumewe, mwalimu wa jiografia asiyependa ugomvi wa ndani ya nyumba wala wa nje.

"Andika Idi njema, basi."

"Maneno mawili tu?"

"Yanatosha. Ila angalia siku."

Hapo ndipo penye kazi. Miaka miwili makosa yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba hakuna aliyejali tarehe. Sasa maneno yamenyooka, imebaki siku, na siku katika nyumba ile zilikuwa mbili. Chini waliishi baba mkwe na mama mkwe, waliosubiri redio itangaze kuandama kwa mwezi. Juu aliishi Baba Mkubwa, kaka wa baba mkwe, ambaye hakuiamini redio. "Iliniambia hakuna mvua," alisema, "nikaanika magodoro." Yeye kila tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani alipanda juu ya paa akautafuta mwezi kwa macho yake, na kwa miaka kumi na mmoja mwezi haukumwangusha hata mara moja. Hata pale anga lilipofunga kwa mawingu, aliuona. Kesho yake wa juu walikula, wa chini walifunga, na harufu ya vitunguu ikashuka ngazi bila haya.

"Mwaka huu tutakujua uko wapi," mama mkwe alimwambia. "Ukiwapa Idi wa juu, ukale na wa juu."

Kwa mwingine jambo hilo lingekuwa jepesi. Lakini Baba Mkubwa ndiye peke yake aliyesimama, siku Miwani alipotambulishwa kwa ukoo na watu wakajifanya hawamwoni, akasema, "Jamani, mtoto wa watu apewe kiti." Kumkosesha Idi yake kulikuwa kama kumnyang'anya yeye kiti.

Na kulikuwa na lingine ambalo hakuna aliyelijua. Wiki tatu kabla, Baba Mkubwa alifika dukani kimya kimya, akakaa nyuma ya pazia.

"Nisomee herufi ya juu, Baba Mkubwa."

"Ipi?"

"Ile kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Ilikuwa kubwa kama sahani.

"Naona ubao," akasema mzee.

"Na kwenye ubao?"

"Taa. Taa yenu nzuri sana."

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, umekomaa. Miwani akamweleza kwamba hospitali wangeutoa kwa nusu saa. Mzee akaruka kwenye kiti. "Nichokolewe jicho nikiwa hai? Haya yaishie humu humu, mwanangu." Yakaishia humo, maana hata asingeomba, kazi ya Miwani ilimtaka afunge mdomo.

Tarehe ishirini na tisa ikafika. Jioni watu wote wakapanda juu ya paa, wakajibana kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Baba Mkubwa akaweka kiganja juu ya nyusi kama nahodha.

"Ule pale!"

"Baba Mkubwa," wifi mdogo akasema, "ile ni taa ya mnara wa simu."

"Mwezi uko nyuma ya taa."

"Nyuma kiasi gani?"

Mtu akacheka akajifanya anakohoa. Mama Mkubwa, mkewe, alikuwa akichunguza vidole vyake vya miguu. Ndipo mama mkwe alipogeuka.

"Mkwe, wewe macho ndiyo kazi yako, na kwa jambo hili huna upande. Umeuona?"

Neno "ndiyo" lilikuwa karibu, na lingempendeza mtu aliyemfaa siku ya dhiki. Baba Mkubwa alimgeuzia uso akingoja. Ila uso wenyewe aliuelekeza kushoto kidogo, kwenye tangi, maana hakujua hasa Miwani amesimama wapi.

"Sikuuona," Miwani akasema.

"Hukuuona, au haupo?"

"Mimi sikuuona, Mama. Zaidi ya hapo msiniulize."

"Haya!" Baba Mkubwa akasema. "Siku hizi mpaka mtu wa kanisani anatupimia mwezi." Akashuka akishika ukuta, akihesabu ngazi kwa mguu.

Redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana. Mama Mkubwa akamaliza mjadala huko juu: "Nimefuata mwezi wako miaka kumi na mmoja, mume wangu. Huu utaufuata peke yako." Kesho yake nyumba nzima ikafunga, isipokuwa mtu mmoja.

Saa saba mchana Miwani alikuwa nyuma ya pazia na mkate na mayai yake ya kuchemsha, aliposikia mkono ukipapasa ukuta.

"Idi yangu iko wapi?" Baba Mkubwa akauliza. "Tangu asubuhi hakuna aliyenisalimia. Mke wangu kanitengea chakula kama mgonjwa, akaondoka."

"Karibu mkate."

"Mkate nitakula. Nimeuliza Idi."

Miwani akaweka kisu chini. "Ningekuwa nampa kila mtu jibu analolitaka, Baba Mkubwa, nusu ya wateja wangu wangekwisha gongwa na magari."

"Ungesema umeuona ungenisitiri."

"Na watu wangefungua."

"Inakuhusu nini? Wewe hufungi."

"Ndiyo maana. Nisiyefunga niwafungulie wenzangu?"

Mzee akala mkate na yai zima. Kisha akasema, taratibu, "Hukuwaambia lile la humu ndani. Nilisimama pale nikingoja ulitoe."

"Lilikuwa lako."

"Miaka minne sijauona ule mwezi, mwanangu. Nauona kwa mazoea." Akajifuta mdomo. "Hicho kisu cha hospitali ni kikubwa?"

"Hutakiona."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Lakini alikuwa akicheka, na Miwani akachukua kalamu akaandika barua ya hospitali kabla mzee hajabadili mawazo. Mzee akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

"Na huu mkate niliokula leo?"

"Hilo kamuulize imamu. Mimi ni mtu wa macho."

"Nitafunga siku moja kuulipa. Na ile miaka mingine..." Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akatoa simu. "Nisomee walivyonisema kwenye kundi."

"Baba Mkubwa, achana nao."

"Soma!"

Akasoma. Mama mkwe ameandika kwamba mwaka huu mwezi una shahidi mmoja tu. Baba mkwe ameandika, "Jamani, ni kaka yangu," na hakuna aliyemjibu.

"Na wifi yako?"

"Amechora mnara wa simu wenye ndevu."

"Umefanana nami?"

"Sana."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akasema, "Andika. Kesho nakula chini, pamoja nanyi."

Miwani akaandika. "Niweke na Idi njema?"

"Ya leo au ya kesho?"

"Nakuuliza wewe mwenye simu."

Baba Mkubwa akafikiri kwa muda mrefu kama mtu anayechagua fremu. "Idi utanipa kesho, na wenzangu, kwa pamoja. Hapo weka mchana mwema."

Akaweka mchana mwema, akatuma. Jibu la mama mkwe likaingia papo hapo, akalisoma kwa sauti: "Mchana mwema ndiyo salamu gani hiyo? Mkwe, ni wewe unayemwandikia?"

"Mwambie ndiyo," akasema Baba Mkubwa, akinyoosha mkono kulitafuta yai la pili.