Maana ya Jina Kwanza

Muuguzi wa chanjo wa kliniki yetu hamchomi mtoto sindano kabla hajauliza maana ya jina lake. Foleni inung'unike, yeye hana habari. Anasikiliza huku akipasha mikono joto kwapani. Mtoto aitwaye Sikudhani, aliyezaliwa wazazi wameshakata tamaa, alimchekesha mpaka machozi. Siku moja bibi mmoja akaleta kichanga aitwaye Tabu.

“Mama yake alifariki akimzaa,” bibi alisema. “Sikuona jina jingine.”

Muuguzi alikishika kisigino cha mtoto.

“Sawa, bibi. Basi tutamwita kwa upole.”

Mpaka leo, watoto wengine anawaita kwa sauti kubwa kutoka mlangoni. Zamu ya Tabu ikifika, anatembea mpaka kwenye benchi, anainama na kumwita sikioni.