Mama wa Mlangoni

Tiit! Mlio huo wa kadi kwenye mashine ndio mwanafunzi Araceli aliobaki nao kichwani, na nyuma yake sauti nzito ya mama wa mlango wa bwalo la chuo: “Pita, mwanangu, ukale.” Upepo wa Chicago ulimpiga mama huyo kila mlango ulipofunguliwa, naye hakuvua koti. Aligeuza kila kadi kwa vidole viwili, akasoma jina, kisha macho yakarudi kwenye kitabu cha kemia alichokiegemeza kwenye kopo la chumvi. Wafanyakazi husoma bure pale. Alikuwa amefeli kemia mara mbili, na chuo hakitoi nafasi ya nne.

“Mama, leo kuna nini?” wanafunzi walimtania.

“Kaboni, hidrojeni, na pilipili kidogo.”

Asubuhi ya mtihani wa kemia Araceli alimkuta mbele yake kwenye foleni, kucha za zambarau zimeshika kadi yake mwenyewe. Msimamizi aliigeuza, akaitazama muda mrefu kuliko za wengine.

“Wewe si yule wa bwaloni?”

“Ndimi.” Mkono uliopitisha maelfu ya wanafunzi ulibaki wazi hewani, ukingoja kurudishiwa kadi.

“Pita, mama, ukafanye,” Araceli alimwambia kwa nyuma.

Hakugeuka. Alijibu kwa sauti iliyomfikia Araceli peke yake: “Nimesoma, mwanangu. Safari hii nimesoma.”