Laini Aliyoachiwa Salu

Salu alikuwa fundi baiskeli pale Dutwa, mkabala na godauni la pamba. Kama uliwahi kupita njia ile ya kwenda Bariadi tairi likakuishia upepo, huenda mikono yake iliwahi kukuhudumia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkweli hadi anaudhi. Ukisahau spana yako kwake leo, ukarudi masika yajayo, unaikuta imepakwa grisi, imefungwa kitambaa, na hajaifungulia hata nati moja. Mkewe Felisita alikuwa akimcheka mbele ya wageni:

"Huyu mume wangu, inzi akitua kwenye chai yako, anakuomba ruhusa kwanza ndipo amfukuze."

Kwa tabia hiyo watu walimwachia vitu vyao. Na kwa tabia hiyo hiyo Januarius alimwachia simu.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Wanunuzi wa pamba wa kila namna walikuwa wamejaa vijijini, kila mmoja na mizani yake, ushirika umebaki jina tu. Bariadi yenyewe ilikuwa bado Shinyanga, na ukisema Simiyu watu walijua unasema mto. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Dutwa mtandao ulitafutwa kama mbuzi aliyepotea: huyu amepanda kichuguu, yule amesimama juu ya tela la trekta, mkono juu, anapiga kelele. Lakini kwenye kibanda cha Salu kulikuwa na nguzo moja, ile ya upande wa godauni, na hapo mtandao ulishika bila taabu. Hakuna aliyejua kwa nini.

Januarius alikuwa rafiki yake tangu wakichunga pamoja. Alikuwa na ng'ombe wengi, na alikuwa na kidonda kimoja. Binti yake Winnie aliondoka na dereva wa lori la pamba kabla mahari haijazungumzwa, na siku aliporudi kuomba radhi, Januarius alimwambia mbele ya watu: "Mimi si baba yako. Usije tena hapa."

Hasira ilipokwisha, maneno yakabaki. Aliuza dume, akanunua simu, akampa namba dada yake Anna aliyekuwa akiuza dagaa Mwanza, akamwambia ukimwona mahali popote mpe. Anna alikutana naye stendi kwa bahati tu. Winnie aliipokea namba, akalia, akasema, "Mwambie baba nitapiga nikipata moyo." Kisha akapanda basi lake, na Anna hakuwahi kuuliza anakoishi. Basi kati ya baba na mtoto kulikuwa kumebaki uzi huo mmoja, namba ya simu.

Halafu mvua zikagoma. Januarius akaamua kuhamisha ng'ombe kusini, Rukwa, kama Wasukuma wengi walivyofanya, na huko alikokwenda mnara wa simu haukuwapo. Asubuhi moja akaja kibandani.

"Mwangaluka, Salu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu." Akakaa kwenye benchi, akatoa kitu kilichovikwa soksi ya mtoto. "Nakuachia ng'ombe wangu huyu."

"Ng'ombe gani hana pembe?"

"Analo moja." Januarius akavuta antena ya simu ikatoka. Wakacheka wote wawili. Kisha Januarius akaacha kucheka. "Mwanangu akipiga, mwambie baba anakuita nyumbani. Mwambie sina neno naye. Basi, hayo tu."

"Akipiga nami sipo?"

"Wewe uende wapi, Salu? Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kule kwetu mwenye mifugo mingi huwaachia rafiki zake baadhi ya ng'ombe, wamtunzie. Ndiyo kubilisa. Mtunzaji anakunywa maziwa, anachukua samadi kwa shamba lake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji anamchuna siku hiyo hiyo, anaipeleka ngozi kwa mwenyewe akaione alama yake, kabla habari hazijafika kwa mdomo mwingine. Anayechelewesha ngozi, watu husema amekula nyama.

Kwa moyo huo Salu aliitunza ile simu. Aliitundika na soksi yake kwenye nguzo. Ikiisha chaji aliipeleka duka la jirani, kwa Naila, aliyekuwa na betri ya gari ya kuchajia watu. Na alipokuwa akienda shamba alimwacha Felisita ameketi chini ya nguzo, kama mtu anayelinda mtama usiliwe na ndege.

Ila salio lililokuwa ndani hakuligusa. Felisita aliomba kumpigia mdogo wake wa Nassa, mara moja tu.

"Si umesema ni ng'ombe wa kubilisa? Maziwa si ruhusa?"

"Maziwa ya leo yakinywewa, kesho yapo mengine. Salio likitoka limetoka. La mtu ni la mtu."

"Haya, baba mtakatifu," alisema Felisita, akaenda zake kisimani.

Tena kulikuwa na vibahasha. Mara kwa mara simu ililia kidogo, na picha ya bahasha ikatokea kwenye kioo. Salu alikuwa amefika darasa la nne, kusoma alijua. Lakini barua ya mtu haifunguliwi. Kila kibahasha kilipoingia alifurahi, akafikiri, Januarius akirudi atakuta watu hawakumsahau.

"Mzee Salu, una meseji hapa, nikusomee?" Naila alimwuliza siku moja.

"Ni za mwenyewe."

"Mwenyewe si yuko Rukwa?"

"Atarudi."

Naila akainua mabega, akamrudishia simu yake.

Pamba ilipoanza kupasuka mashambani, Naila aliishika ile simu kuichomeka kwenye betri, akaitazama, akaizungusha huku na huku.

"Mzee, hii haina mtandao."

"Irudishe kwenye nguzo, utaupata."

Wakaenda wote hadi kwenye nguzo. Simu ya Naila ilishika. Ya Januarius haikushika. Safari hii Naila hakuomba ruhusa, na Salu hakukataza. Alifungua vibahasha kimoja kimoja, akasoma kwa sauti. Vyote vilitoka kampuni ya simu. Ndugu mteja, muda wa laini yako unakaribia kwisha, tafadhali ongeza salio. Ndugu mteja, tunakukumbusha. Ndugu mteja, ukichelewa laini yako itafungwa.

"Laini inataka kulishwa, mzee. Usipoweka vocha kwa muda wanaotaka wao, wanaifunga. Wakishaifunga, wanampa namba mtu mwingine."

"Hata kama ndani lipo salio?"

"Hata kama."

"Hata kama mwenyewe hajasema haitaki?"

Naila alifuta kioo cha simu kwa pembe ya mtandio wake, ingawa hakikuwa na vumbi.

Salu alinunua vocha, wakaikwangua, ikakataliwa. Akapanda baiskeli hadi Bariadi kwa wakala. Alimkuta kijana mpole aitwaye Constantine, ambaye alipiga simu huku na huko, kisha akatikisa kichwa.

"Namba imeshatoka, mzee. Ina mtu sasa."

"Mwenyewe hakumwuzia mtu."

"Hakuna mwenye namba, mzee wangu. Namba ni za kampuni. Sisi wote tumeazimwa tu."

Salu alirudi akikanyaga pedeli polepole. Kumbe hata Januarius alikuwa ameachiwa ng'ombe wa watu, wala hakuna aliyemwambia kwamba mwenyewe anaweza kuja kumswaga wakati wowote. Wazo hilo lilimfariji hadi alipofika karibu na Dutwa. Alipoiona nguzo yake, faraja ikaisha. Aliyekabidhiwa ni yeye. Aliyekuwa akiitwa na vile vibahasha ni yeye, na kila kilipoingia kimoja alifurahi, asikifungue.

Akamwomba Naila aipige ile namba. Ikaita. Akapokea mwanamume mchangamfu, nyuma yake watu wanabishana bei za nguo.

"Nuruddin hapa, Kahama, mitumba daraja la kwanza! Nani mwenzangu?"

Salu akajieleza, akazunguka, akarudi, hadi akafika kwenye swali lake: je, kuna mwanamke aliwahi kupiga?

"Eeh! Yupo mmoja," alisema Nuruddin, bado anacheka. "Yule dada alinichekesha. Nilikuwa na wateja, nikapokea, nasikia, 'Baba, ni mimi.' Nikamwambia, dada, mimi si baba yako. Akakata. Akapiga tena. Nikamwambia mimi si baba yako bwana, usipige tena hapa. Hajapiga tena tangu siku hiyo. Kwani nani yule, mzee?"

Salu aliishika simu ya Naila kwa mikono miwili. Hakuweza kumlaumu mtu wa watu. Maneno yale yale! Winnie alikuwa amekusanya moyo kwa muda wote huo, akapiga, na kwenye mtandao wa kukatika-katika sauti ya mwanamume ikamwambia neno lile lile alilofukuziwa nalo.

"Alipiga kwa namba gani, mwanangu?"

"Alipigia kwenye kibanda cha simu, mzee, namba sikuiweka. Ningejua…"

"Hukujua," alisema Salu. "Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Baada ya hapo Salu akawa mtu mwingine. Matairi aliyoziba hayakuzuia upepo. Simu iliyokufa aliendelea kuitundika kwenye nguzo, asubuhi anaitoa ndani, jioni anairudisha, na watu waliouliza "Mtoto wa Januarius amepiga?" aliwajibu "Bado."

Halafu habari zikaja kwamba Januarius amerudi kwa msimu wa pamba, yuko Nkoma kwa ndugu zake, atapita Dutwa. Salu akaanza kupita nyuma ya godauni. Siku ya mnada hakwenda. Felisita alimvumilia, hatimaye akatua ndoo katikati ya kibanda.

"Salu, ngozi imeanza kunuka."

"Ngozi gani?"

"Unaijua. Unangoja nini? Ukiichelewesha, watasema umekula nyama. Na wewe mume wangu hata maziwa hukunywa."

Salu akainuka. Alitoa ile laini ndani ya simu, akaiweka kwenye kikopo cha viraka pamoja na pamba kidogo isitikisike, akachukua na simu yenyewe, akaiegemeza baiskeli ukutani kwa sababu mtu anayepeleka ngozi huenda kwa miguu. Hakufika mbali. Njiani alikutana na Januarius mwenyewe, amekonda, anacheka, anaswaga mtamba mmoja mwekundu mwenye doa usoni.

"Salu! Nilikuwa nakuja kwako! Mwone huyu, nimemchagua kati ya wote niliowaachia ndugu zangu Nkoma. Umenitunzia ng'ombe wangu wa pembe moja, nami nakupa mwenye mawili. Haya, niambie. Amepiga?"

Salu alinyoosha mkono wenye kikopo cha viraka. Januarius alikifungua, akaitazama ile laini imelala kwenye pamba, na uso wake ukabadilika, maana yeye pia alikuwa mchungaji na alijua ngozi inapokuja ina maana gani.

Salu akamweleza yote pale pale barabarani, mtamba akila majani. Salio ambalo hakuligusa. Vibahasha ambavyo hakuvifungua. Nuruddin na maneno yake. Hakujificha popote. Alipofika kwenye maneno yale, Januarius aliinua kiganja.

"Hayo yaache. Hayo niliyasema mimi kwanza."

"Lakini mimi ndiye niliyemfikishia mara ya pili."

Januarius hakukataa. Salu alitamani atukanwe, apigwe hata fimbo ya ng'ombe mbele ya wapita njia. Hakupigwa. Wakaongozana hadi kwa Naila, wakampigia Nuruddin, na safari hii Januarius ndiye aliyeongea.

"Mwanangu, namba hiyo uliyo nayo ilikuwa yangu. Aliyekupigia ni binti yangu. Akipiga tena, usimwambie wewe si baba yake. Mwambie: baba anakuita nyumbani, hana neno nawe. Utakumbuka?"

Kelele za mitumba ni kama zilisogea mbali.

"Baba anakuita nyumbani, hana neno nawe," alisema Nuruddin taratibu, kama mtu anayejifunza sala. "Nisamehe, mzee. Nilicheka."

Januarius alirudi Rukwa. Mtamba alimwacha amefungwa kwenye nguzo ya kibanda, hakusema ni malipo wala hakusema si malipo. Salu hakuwahi kumwita wake. Alipozaa, maziwa waliyanywa Felisita na majirani. Salu alikunywa chai ya rangi.

Lakini kila muda wa kuilisha laini ulipokaribia kwisha, alikwenda kwa Naila, akanunua vocha moja, akakwangua, akampigia Nuruddin Kahama na kumsomea tarakimu.

"Mzee Salu, jamani! Mimi ni mfanyabiashara, nina vocha zangu!"

"Najua, mwanangu. Weka tu. Nataka niisikie imeingia."

Nuruddin alibonyeza. Salu alingoja, sikio kwenye simu, hadi aliposikia imekubali.

"Imeingia, mzee."

"Wabeja, asante. Na yule…?"

"Bado, mzee. Lakini laini iko wazi."

"Haya," alisema Salu. Akamrudishia Naila simu yake, akarudi kibandani. Mteja alikuwa akimngoja na gurudumu lililopinda.