Majidi na Diski Zisizounguruma

Majidi wa Ipuli alikuwa amepiga picha za harusi mjini Tabora tangu enzi za mikanda, hata bega lake la kamera likawa chini kuliko la pili. Hakuwahi kufuta kazi ya mtu. Kazi nyingi aliziweka kwenye diski kubwa iliyounguruma juu ya kabati chumbani, na mkewe Hafsa alishazoea kuusinzilia mngurumo ule.

Masika yaliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Diski ikagongagonga ndani kwa ndani, kisha ikanyamaza. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa.

Hata wiki haijaisha, akabisha hodi Dafrosa kutoka Bukene, akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Majidi ndiye aliyerekodi harusi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole na safari."

"Mume wangu tumemzika. Watoto ni wadogo, watamsahau baba yao. Nimefuata ile video."

Majidi alitamani kumwambia arudi siku nyingine. Lakini akamweleza ukweli, kwamba video ilikufa pamoja na diski. Dafrosa hakulia wala hakulaumu. Alikunywa maji aliyoletewa na Hafsa, akashukuru, akaenda kuwahi basi. Shukrani ile ilimchosha Majidi kuliko matusi.

"Uza kamera, mume wangu," Hafsa alimwambia. "Mgongo huo hauna harusi tena."

"Na kazi za watu zilizobaki kwenye laptopu yangu nimwachie nani?"

Akanunua kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, isiyo na feni, na diski mbili za SSD. Hizo hazina kinachozunguka ndani, hivyo hazina cha kugonga. Alizipanga ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili. Moja ikifa, mwenzake abaki. Kifaa chote kilikula umeme kidogo mno, betri ya sola ya taa za nyumbani ikakibeba bila taabu, Tabora nzima iwe gizani au isiwe.

Kukiunganisha kulikuwa rahisi. Kukiamrisha ndiko kulikomtoa jasho. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza cha wahandisi, macho yenyewe yameshachakaa. Siku moja alibonyeza pasipotakiwa, akafuta yote aliyokuwa ameyanakili tangu asubuhi. Bahati laptopu ilikuwa nayo bado. Akajilaza chali sakafuni, akaikodolea dari. Adhuhuri ilipoadhiniwa aliinuka, akaswali, akaanza upya.

Kilipokaa sawa, akaanza kuwapigia wageni wa harusi ya Dafrosa. Wengi simu zao zilishabadilika. Recheli, shangazi wa marehemu kule Kaliua, ndiye aliyekuwa na kipande kifupi cha video kwenye simu yake, akamtumia: bwana harusi anakosea hatua za kucheza, anacheka, anamwita mkewe kwa jina.

Majidi akakiweka kwenye diski zake, akampigia Dafrosa.

"Ni kifupi sana, mama."

"Sauti yake ipo?"

"Ipo."

"Usinitumie kwanza. Nitakuja na watoto."

Wakaja. Wakabanana mbele ya kioo cha laptopu, na kipande kilipokwisha, mdogo akasema, "Babu, tena." Majidi akarudia. Mgongo ulikuwa unamuuma, na kesho yake alikuwa na harusi ya kurekodi. Akavuta kigoda, akakaa, akarudia tena.