Tanuri Lililonyeshewa

Namsifu Mungu, anayeleta mvua na kuizuia, wala hajawahi kuniomba ushauri kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nyumba ya dada yangu mkubwa hapa mtaani Mangobo ilikuwa ya miti na udongo, ikaanguka. Akahamia kwa binti yake. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani hovyo. Basi dada alioga kabla hakujapambazuka na kula nyuma ya jiko, na mkwe wake alipokohoa njiani akirudi kazini, yeye alikimbilia ndani. Kijana wa watu mwenye heshima, alikohoa tangu mbali. Niliona uzee wa dada yangu unaisha kwa kujificha, nikaamua kumjengea.

Saruji inayopanda mto kutoka Kinshasa hatukuiweza, isipokuwa kidogo. Tukachagua matofali ya kuchoma. Tuliyafyatua kwa udongo wa bondeni, tukayapanga yakawa tanuri refu kunipita, tukalikandika tope, na katika jua la Januari tukasali, tukawasha. Tanuri likishawashwa halifunguliwi mpaka lipoe.

Kesho yake ikanyesha, na haikukoma. Mabati ya zamani na maturubai hayakutosha kufunika. Tope la nje lilichuruzika, moshi ukawa mweupe, kisha tukaona mvuke tu. Nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu, lakini pale nilishika rozari nisijue niombe nini. Jirani mmoja akapita.

“Papa, unachoma matofali ao unapika chikwange?”

Chikwange ni mkate wetu wa muhogo, hufungwa majani ukapikwa kwa mvuke. Aliyecheka ni dada yangu peke yake.

Tanuri lilipopoa, fundi tuliyemwita kujenga alichukua matofali mawili mawili akayagonganisha. Lililoiva hulia kama sahani; bichi halisemi kitu. Mengi hayakusema kitu.

“Papa, yenye kuiva iko ya chumba moja tu, tena ya chini,” akaniambia. “Juu tutaweka mabichi. Sikudanganyi, mvua ya upepo itayakula.”

Nikasema tungoje kiangazi kingine. Dada alikuwa akipangusa vumbi kwenye tofali zima.

“Chumba moja inanitosha. Mimi na mkwe wangu tumechoka kukimbiana.”

Tukajenga hivyo: yaliyoiva chini, mahali maji yanaporukia, mabichi juu, na mabati tukayatokeza nje kadiri mbao zilivyoruhusu. Mkwe mwenyewe alileta kitanda cha dada, akakiweka mlangoni, akakohoa, akaenda zake.

Sasa kila mvua ya upepo ikipita ninakwenda kuweka kiganja ukutani, juu ya dirisha. Pana unyevu, na safari hii tope lilibaki mkononi. Saruji ya kupiga lipu hatuna. Dada huniuliza kama nimekuja kumsalimia yeye au ukuta. Nasema yeye. Kisha tunakaa, anapika chai, naye anakunywa mlangoni pake, waziwazi. Ninashukuru kwa hilo, na ninatazama mawingu.

Wewe unayesoma, Mungu akulaze pakavu usiku huu, na kilicho kibichi katika kuta zako akishikilie kwa mkono wake.