Bibi Arusi wa Majini Apewa Uso

Istahil alikuwa na sharti moja katika uchoraji wake: jini asipewe uso. Mpe kwato, mpe nywele za kufagia vumbi, mpe hata bangili, lakini mahali pa uso pabaki rangi tupu. Sharti hilo aliwekewa na shangazi yake Kaltuma, muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, ambaye hadithi zote zilitoka kinywani mwake.

"Uso ni mali ya mtu," alimwambia. "Siku utakayompa jini uso, tafuta msimulizi mwingine."

Maziwa yakiisha, Kaltuma alikuja katika chumba cha mabati ambacho Istahil alikifanya karakana, akaketi juu ya dumu tupu na kummegea kipande cha hadithi. Sasa walikuwa wamefika kwenye harusi ya majini ukingoni mwa Tana. Bibi arusi alidai mahari ya ngamia wasio na vivuli, na bwana arusi, kwa wazimu wa mapenzi, akaenda kuwatafuta.

"Aliwapata, eeddo?" Istahil aliuliza, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Chora kwanza. Hilo nitakuambia baada ya maonyesho yako ya picha."

Basi akachora, na harusi ikampanda kichwani. Ngamia walicheza kwa miguu miwili. Kobe walipiga ngoma. Makorongo wa jalalani walivaa kanzu na kujifanya mashehe. Istahil alicheka peke yake mpaka jirani akagonga bati. Alipofika kwa bibi arusi, mkono haukusimama: ukachora macho ya hila, mashavu manene, pengo la jino la mbele. Kaltuma huyo, ndani ya shela!

Kufuta kulihitaji mpako mmoja tu wa brashi. Hakufuta.

Khalif, mwenye mkokoteni wa punda, alipokuja kuibeba picha, nusura aiangushe.

"Wallahi, huyu ni Kaltuma! Hata pengo iko! Dada, futa. Huyo mama akikasirika, hata punda yangu atakimbia mji."

"Rangi imekauka," Istahil alisema. Ilikuwa bado mbichi.

Katika ukumbi wa maonyesho, wauza maziwa waliingia kwa kundi na kupiga mayowe.

"Kaltuma, hongera! Mahari umekula na nani?"

Kaltuma aliitazama picha. Kisha akacheka kuliko wote, akashika pindo la shuka lake na kucheza mbele ya mwenziwe wa rangi, mpaka maafisa wa kaunti wakapiga makofi. Picha ikapata mnunuzi kabla ya adhuhuri. Istahil, kichwa kikimzunguka kwa furaha, akadhani amesamehewa. Watu wengi hukosea hapo: hudhani aliyecheka ameridhia.

Akamkimbilia mlangoni. "Eeddo, sasa niambie. Ngamia aliwapata?"

"Muulize bibi arusi," Kaltuma alisema, machozi ya kicheko yakiwa bado mashavuni. "Si ana mdomo sasa? Umempa wewe."

Akajifunga shuka lake, akarudi sokoni.

Hadi leo humpa mpwa wake maziwa na kumtania vizuri tu, lakini kwenye dumu la karakana haketi tena. Uso ule uliowachekesha watu ulimgharimu Istahil mwisho wa hadithi ya harusi, na hadithi zote ambazo zingefuata.